Makaa Yangu Yalifanya Kazi, na Hiyo Ndiyo Shida

Leo hakuna video. Naandika tu, kwa sababu mbele ya kamera huwa natafuta vile nitakaa poa, na hii stori sitaki kukaa poa ndani yake.

Kama umenifuata kwa muda unaikumbuka ile video ya chujio. Chupa ya soda ya lita 2 iliyokatwa matako, pamba, mchanga, na makaa ya vifuu vya nazi niliyochoma mwenyewe juu ya paa la ploti yetu hapa Donholm. Namimina maji ya zambarau juu, chini yanatoka meupe. Nainua glasi, nakunywa, nasema, "Wasee, shilingi sufuri." Mpaka leo ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi. Watu walinitumia picha za machujio yao kutoka Umoja, Kayole, hadi Mombasa. Nilijiona mwanasayansi.

Mmoja wa waliotengeneza anaishi chini yetu, ghorofa ya pili. Nitamwita Mama Junior, na hilo si jina lake. Yeye hakuniona kwa simu. Aliniona kwa ngazi nikibeba magunia ya vifuu, akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo takataka unapeleka wapi?" Nikamweleza. Kesho yake nikamtengenezea chujio lake, kubwa kuliko langu, kwa dumu la lita 10. Bure. Nikarekodi akitabasamu.

Wiki tatu baadaye Junior alilazwa. Kuhara na kutapika, usiku mbili na dripu mkononi. Ana miaka mitatu. Yuko sawa sasa, na jana amenivunjia kandambili, kwa hivyo msihofu. Lakini ile siku mamake alirudi kutoka hospitali kubadilisha nguo, nilikutana naye pale pale kwa ngazi. Hakunigombeza. Alisema tu kwa sauti ya mtu ambaye hajalala, "Kijana wangu, daktari amesema hiyo kitu yako inakula dawa."

Inakula dawa. Sikuelewa. Kusema ukweli, kitu cha kwanza nilichofikiria ni vile nitajitetea.

Ngoja niwaeleze maji yetu kwanza. Wenye mnaishi Eastlands mnajua, lakini kuna msee wa Kisumu anasoma hii. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yanasafishwa Ng'ethu, halafu yanateremka mjini. Kabla yaanze safari yanawekwa klorini, ile tunayoiita dawa. Mji umekuwa mkubwa kuliko mabomba, kwa hivyo tunagawiwa kwa ratiba. Kwetu mfereji hupiga siku mbili kwa wiki, ukiwa na bahati. Siku zingine ni mkokoteni: mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, na kukiwa kukavu ni 50. Landlord naye alichimba kisima kirefu nyuma ya ploti. Hayo maji ya kisima tunaoshea nguo na kupigia deki, lakini mwisho wa mwezi watu hunywa pia.

Mama Junior alikuwa akifanya kila kitu vizuri. Alinunua maji ya mkokoteni, akaweka WaterGuard kwa kipimo, akangoja nusu saa vile kibandiko kinasema. Shida ilikuwa harufu. Junior alikataa kunywa maji yenye yananuka dawa. Na video yangu ilianza na maneno gani? "Umechoka na harufu ya dawa kwa maji?" Nilikuwa nimeyaandika kwa karatasi na kuyafanyia mazoezi.

Kwa hivyo aliweka dawa, halafu akapitisha maji kwa makaa yangu. Harufu ikaisha. Junior akakunywa. Mama akafurahi, akajaza mtungi, akauweka kona ya jikoni, na kila mtu wa nyumba akawa anachota na kikombe.

Makaa yangu yalifanya kazi, mnaona?

Nilimpigia mwalimu wangu wa kemia wa sekondari. Nilitarajia anichekelee, hakucheka. Aliniuliza swali moja: "Ulifikiri harufu imeenda wapi?"

Aliyoniambia nitayaeleza vile niliyaelewa. Makaa yoyote ni kaboni yenye vitundu. Ukichoma mti au kifuu bila hewa ya kutosha, maji na gesi hutoka, kaboni inabaki na mifereji midogo ambayo macho hayawezi kuona. Ukiyachukua makaa hayo na kuyachoma tena kwa mvuke, kwa joto la nyuzi 800 hadi 1,000, mvuke unazila kuta za ndani na kufungua vitundu vingine vingi zaidi. Hapo ndipo yanaitwa kaboni amilifu, kaboni iliyoamshwa. Gramu moja ya kaboni nzuri ina eneo la ndani la kama mita 1,000 za mraba. Uwanja wa mpira wa kawaida ni mita 105 kwa 68, yaani mita 7,140. Kwa hivyo kijiko kimoja cha mezani cha huo unga mweusi kina uwanja mzima ndani yake. Nilipiga hesabu mara tatu kwa sababu sikuamini.

Katika huo uwanja, vitu vingi vinavyopita na maji vinagandia kwenye kuta: rangi, harufu, baadhi ya dawa za wadudu. Klorini nayo ikigusa kaboni haigandi tu, inageuzwa kuwa kloridi, kitu ambacho hakiui kijidudu chochote. Ndiyo maana harufu iliisha.

Sasa, kazi ya klorini si kuua wadudu siku ya kwanza peke yake. Ile kidogo inayobaki ndani ya maji ndiyo mlinzi wa mtungi. Shirika la Afya Duniani linataka maji yakifika kwako yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa kila lita, ili mkono mchafu ukiingiza kikombe, kuwe na kitu cha kupigana. Mimi nilimfukuza mlinzi, halafu nikaacha mlango wazi. Na makaa yenyewe, yakikaa majimaji wiki tatu bila kubadilishwa, yanakuwa nyumba nzuri ya bakteria. Vitundu vile vile.

"Je, ni chujio lako lilimgonjesha mtoto?" mwalimu akaniuliza kabla nimuulize. "Hakuna mtu anaweza kuapa. Inaweza kuwa ni matunda, ni kikombe, ni mkokoteni. Lakini ulimwondolea kinga, na hukumwambia."

Nilikata simu nikaenda juu ya paa. Nilikuwa bado na nusu gunia la vifuu.

Kuna kitu kingine ambacho sikumwambia mwalimu. Ile video niliikata. Yale maji ya zambarau yalikuwa matone mawili ya rangi ya keki kwa lita nzima, na niliyapitisha kwa chujio mara tatu. Mara ya kwanza yalitoka na rangi ya ribena. Hamkuona mara ya kwanza. Sikudanganya kwa maneno, lakini mkasi ulidanganya kwa niaba yangu, na mkasi ulikuwa kwa mkono wangu.

Basi nikaamua kufanya jaribio la haki. Nilinunua tinkcha ya ayodini kwa duka la dawa, ile ya kahawia ya kupaka vidonda, kwa sababu kaboni hushika ayodini, na hata viwanda hutumia ayodini kupima nguvu ya kaboni. Glasi nne za maji, matone sawa kila moja. Ya kwanza sikuweka kitu. Ya pili makaa ya jiko ya kawaida, yaliyosagwa. Ya tatu makaa yangu ya kifuu. Ya nne kaboni amilifu ya kiwandani, ile inauzwa kwa maduka ya samaki wa mapambo. Kijiko kimoja kimoja. Nikakoroga, nikaweka saa.

Dakika kumi: ya samaki ilikuwa karibu kama maji ya mfereji. Yangu ilikuwa rangi ya chai ya strungi iliyoongezwa maji. Ya makaa ya jiko, nililazimika kuiweka karibu na ile ya kwanza ndiyo nione tofauti. Nilikaa pale nikiangalia hizo glasi nne. Nilikuwa nimewaambia maelfu ya watu "ukikosa vifuu tumia makaa yoyote".

Sitaki mfikirie kwamba wazo la kaboni ya bei rahisi ni uongo. Si uongo hata kidogo. Kifuu cha nazi ni kati ya malighafi bora duniani kwa sababu ni kigumu na vitundu vyake ni vidogo sana. Mwaka wa 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Marekani iliwaomba raia wake wakusanye mbegu za pichi na maganda ya njugu ngumu, yachomwe kuwa kaboni ya vinyago vya kuzuia gesi ya sumu. Yaani watoto walikuwa wakiokota takataka kama mimi, na ziliokoa watu. Sisi tuna vifuu Kilifi na Kwale. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa makadamia, na ganda la makadamia ni gumu kama kifuu. Malighafi tunayo.

Kile hatuna juu ya paa la Donholm ni hatua ya pili. Kuchoma mkebe wa rangi uliofungwa kwa jiko kunakupa makaa. Kuyaamsha kunataka joto la nyuzi 800 na zaidi, linaloshikiliwa bila kushuka, na mvuke unaopita ndani kwa kipimo. Njia nyingine ni ya kemikali, kwa mfano asidi ya fosforiki, ambayo inahitaji joto dogo zaidi, lakini hapo unacheza na asidi ya moto, na usipoiosha vizuri inaingia kwa maji yako. Tafadhali msijaribu hiyo jikoni. Na hata hatua ya kwanza, msiifanye ndani ya nyumba: ule moshi una gesi isiyo na harufu, ile ile ambayo huua watu waliolala na jiko chumbani.

Halafu kuna kisima. Hapa ndipo nilinyamaza kabisa.

Nilichukua chupa mbili kwa maabara. Moja maji ya kisima cha ploti yetu, nyingine maji hayo hayo baada ya kupita kwa ile kaboni ya samaki, nzuri kabisa. Ililipwa na pesa ya video, ili dhambi ilipe dhambi. Majibu yalikuja: floraidi ilizidi miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Chupa ya pili? Karibu namba ile ile. Kaboni nzuri, uwanja mzima wa mpira, na floraidi ilitembea katikati kama haioni mtu.

Floraidi haina rangi, haina harufu, na ukichemsha haitoki. Kidogo ni kizuri kwa meno. Ikizidi, mtoto ambaye meno yake yanajengeka anaota meno yenye madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi inakaza mifupa. Ni tatizo la Bonde la Ufa lote, na visima vingi vya Nairobi vinalo. Kuna msee tulisoma naye tulikuwa tunamcheka meno, tukisema hapigi mswaki. Nimemkumbuka sana wiki hii.

Lakini angalia hii. Kuna kitu kinashika floraidi, na pia ni takataka iliyochomwa: mifupa. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa hewa kidogo inakuwa myeusi, yenye vitundu, kaboni kidogo na madini mengi ya kalisi na fosfeti. Hayo madini ndiyo yanabadilishana na floraidi na kuishika. Kule Nakuru, mradi wa maji wa Dayosisi ya Katoliki umekuwa ukichoma mifupa na kutengeneza machujio ya floraidi tangu miaka ya 1990. Tanzania wana kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kinachofanya kazi hiyo hiyo. Na kabla useme "mifupa, aka!", joto likiwa chini maji yananuka, likizidi mifupa inageuka meupe na nguvu inapungua. Wamejifunza kipimo kwa miaka. Mimi napita Burma, Jogoo Road, naona milima ya mifupa, na hiyo akili ya "shilingi sufuri" inaanza kuwasha tena. Nimeiambia ikae chini.

Kwa sababu kuna mtu mmoja alinifundisha kitu bila kujua. Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Mwaka wa 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ikiwa ndiyo mara ya kwanza kutolewa, kwa chujio la mchanga lenye chembe ndogo sana za kushika uchafu. Nilipokuwa nikisoma kumhusu nilitafuta siri ya unga wake. Kitu kilichonigonga ni kingine: chujio lake linarekebishwa kulingana na maji ya mahali. Kwanza unajua maji yako yana nini, ndipo unajua utie nini. Mimi nilianza na unga, nikatafuta maji ya kuutia.

Na hapo ndipo msimamo wangu uko sasa. Vitundu havina akili. Havijui hii ni sumu, hii ni dawa, huyu ni mtoto wa Mama Junior. Vinashika vinachoweza kushika na kuachilia kingine chote, na maji yanatoka yakiwa maangavu kwa vyovyote vile. Unga unaweza kuwa wa bure. Kujua maji yako si bure, na hicho ndicho mimi na wenzangu wengi wa video za "fanya hivi nyumbani" tunachokata na mkasi, kwa sababu hakiingii kwa sekunde 60.

Kwa hivyo, kama una chujio langu nyumbani, soma hapa polepole. Dawa inakuja mwisho. Chuja kwanza, makaa na kila kitu, halafu ndiyo uweke dawa au uchemshe, na usiyarudishe tena kwa makaa. Harufu ikikusumbua, acha maji yakae kidogo kwa chombo safi chenye kifuniko. Badilisha makaa mara kwa mara, usingoje yanuke. Mtungi uwe wa mdomo mwembamba au wenye bomba, si wa kuchota na kikombe. Na kama maji yako ni ya kisima, hakuna makaa, hakuna kuchemsha, hakuna dawa ya kutoa floraidi. Ya kunywa tafuta kwingine mpaka upimiwe.

Na ombi langu kwa landlord wote wa Eastlands, wangu akiwa wa kwanza: kila ploti yenye kisima ibandike majibu ya maabara kwa geti, pale mnabandika "mwisho wa kulipa rent ni tarehe 5". Karatasi moja. Sisi ndio tunakunywa. Nimeprinti yetu nikaibandika mwenyewe. Keateka ameing'oa mara mbili, nimeirudisha mara tatu.

Ile video sijaifuta. Nilifikiria, lakini machujio tayari yako majumbani, na ukifuta video huwezi kufuta chujio. Nimeweka maelezo juu yake, nimeongeza ile sehemu ya maji ya rangi ya ribena, na namtumia kila aliyenitumia picha ujumbe mmoja mmoja. Nimefika 140. Wengine wananijibu, "Bro, kwani umelipwa na kampuni ya maji?" Sawa tu.

Jana jioni nilishuka ghorofa ya pili. Nilikuwa nimebeba mtungi mpya wenye bomba chini na chupa ya WaterGuard. Mama Junior alinifungulia, akaangalia mtungi, akaniangalia.

"Na makaa?"

"Makaa kwanza, mum. Dawa mwisho."

Akafikiria. "Na harufu?"

"Harufu itakuwa."

Alimwita Junior, akamchotea kikombe, akamwambia, "Kunywa. Hiyo harufu ndiyo inakuchunga." Mtoto akakunja uso, akakunywa nusu, nusu nyingine akanimwagia mguuni.